Robert wa Artois, kabaila aliyemwasi shemeji yake mfalme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukianza kuzungumzia chanzo cha Vita vya Miaka Mia Moja kati ya Ufaransa na Uingereza, haupiti muda jina la Robert wa Artois linachomoza, na nyuma yake msururu wa maswali yaleyale. Haya hapa, kuanzia ya mwanzo mwanzo hadi yale ya kuchokonoa.

## Yeye ni nani

1. Robert wa Artois alikuwa nani?

Kabaila wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1287 na kufariki mwaka 1342. Alikuwa wa damu ya kifalme: baba wa babu yake alikuwa mtoto wa Mfalme Louis wa Nane. Mkewe, Jeanne wa Valois, alikuwa dada wa baba mmoja wa Philippe wa Valois, ambaye mwaka 1328 akawa Mfalme Philippe wa Sita. Kwa hiyo mfalme aliyemwasi hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, tena swahiba wake wa karibu.

Kisa chenyewe kwa ufupi: alidai urithi wa babu yake akanyimwa, akaleta hati za kughushi zikagundulika, akakimbia nchi, akaenda kwa adui mkubwa wa mfalme wake, na akafa akipigana upande wa adui huyo.

2. Mbona vitabu vinataja akina Robert wa Artois watatu?

Kwa sababu walikuwa watatu kweli. Wa Kwanza, mdogo wake Mfalme Louis wa Tisa, aliuawa Mansura nchini Misri mwaka 1250 katika Vita vya Msalaba. Wa Pili, mwanawe, aliuawa Courtrai tarehe 11 Julai 1302, pale askari wa miguu wa Flanders walipowachakaza wapanda farasi wa Ufaransa. Wa Tatu, mjukuu wa huyo wa Pili, ndiye wetu.

Ukidhani hilo ndilo tatizo, subiri. Katika kisa hiki utakutana na akina Jeanne sita. Nitakuwa namtaja kila mmoja kwa mume wake, mama yake au mahali anapotoka, ili usipotee njia.

3. Alikuwa mtawala wa Artois?

Hapana, hata siku moja. Jina alikuwa nalo, jimbo lenyewe, huko kaskazini mwa Ufaransa, hakuwa nalo. Alichopewa ni Beaumont-le-Roger, kule Normandy. Hapo ndipo donda lenyewe lilipo.

## Mirathi

4. Kesi ya Artois ilihusu nini hasa?

Babu, Robert wa Pili, alikuwa na mtoto wa kiume, Philippe, na wa kike, Mahaut. Philippe alijeruhiwa kwenye mapigano ya Furnes mwaka 1297 na akafa mwaka uliofuata, akimwacha mwanawe Robert akiwa bado mtoto. Mzee mwenyewe akauawa Courtrai mwaka 1302. Swali likawa: jimbo lichukuliwe na binti aliye hai, au na mjukuu ambaye baba yake, kama angalikuwa hai, ndiye angalirithi bila ubishi?

Mila ya Artois ilikuwa na jibu lake. Mtoto hakuweza kusimama mahali pa mzazi aliyetangulia kufa. Aliyerithi ni aliye karibu zaidi na marehemu kwa kizazi, na binti yuko karibu kuliko mjukuu. Mahaut, shangazi yake Robert, akachukua jimbo zima. Robert alikuwa na miaka kama 15.

Kilichouma zaidi ni kwamba majimbo mengine ya Ufaransa yalifuata mila ya kinyume chake: mjukuu alichukua nafasi ya baba yake. Lau babu angalitawala jimbo lingine, pengine leo tusingekuwa tunamzungumza Robert kabisa. (Msomaji anayejua faraidhi atakuwa ameshaanza kupiga hesabu kichwani. Ndiyo, kwa faraidhi binti na mjukuu wa kiume kwa upande wa mwana wangeingia wote wawili kwenye mirathi. Lakini hiyo haikuwa sheria ya Artois.)

5. Lakini Wafaransa si walikuwa na sheria ya kumnyima mwanamke urithi?

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Kukataa wanawake kulihusu taji la ufalme, na hata huko ni jambo lililoanza kushika mizizi kuanzia mwaka 1316. Ile "Sheria ya Sali" maarufu, sheria ya kale ya Wafranki, ilikuja kutolewa kama hoja miaka mingi baadaye. Ardhi za makabaila zilifuata mila ya kila jimbo, na huko wanawake walirithi kama kawaida. Mahaut hakuwa mtawala wa jina tu. Aliendesha jimbo lake kwa mkono wake, akahesabiwa miongoni mwa mapea, yaani makabaila wakuu kabisa wa ufalme.

6. Robert alishindwa mara ngapi?

Mahakamani mara mbili kabla ya ile kesi ya hati, na mara moja uwanjani. Mwaka 1309 Mfalme Philippe wa Nne aliamua kwa faida ya Mahaut. Mwaka 1316, makabaila wa Artois walipokuwa wamechoshwa na utawala wa Mahaut, Robert aliungana nao akaingia jimboni kwa silaha, mpaka Philippe, mdogo wa Mfalme Louis wa Kumi aliyekuwa amefariki, na mshika dola wakati ule, alipokuja na jeshi na kumlazimisha asalimu amri. Mwaka 1318 hukumu ikatolewa tena: Artois ni ya Mahaut.

Sasa tazama waamuzi ni akina nani. Binti wawili wa Mahaut walikuwa wameolewa na watoto wawili wa Philippe wa Nne. Kwa maneno mengine, hakimu wa 1309 alikuwa baba mkwe wa mabinti wa mdaiwa. Hakimu wa 1318, ambaye ni yuleyule mshika dola wa 1316, sasa akiwa Mfalme Philippe wa Tano, alikuwa mume wa Jeanne, binti mkubwa wa Mahaut. Mimi sisemi hukumu zilikuwa za upendeleo, maana mila ya Artois kweli ilikuwa upande wa shangazi. Lakini ukiwa Robert, umekaa kwenye benchi la wadai, unawatazama wakwe wakiamua kesi ya wakwe, utaamini umetendewa haki?

## Hati za kughushi

7. Kama ndiye aliyemsaidia Philippe wa Sita kupata taji, kwa nini asipewe Artois?

Ni kweli alimsaidia. Charles wa Nne alipofariki Februari 1328 bila mtoto wa kiume, mpinzani mkubwa wa Philippe wa Valois alikuwa Edward wa Tatu wa Uingereza, mjukuu wa Philippe wa Nne kupitia mama yake. Robert alimpigania shemeji yake kwa hali na mali. Mwandishi wa tarehe Froissart anamtaja kuwa ndiye aliyemfaa zaidi Philippe katika jambo hilo, na kwamba kwa miaka kadhaa hakuna lililofanyika Ufaransa bila ushauri wake. Malipo yalikuja: Beaumont-le-Roger ikapandishwa hadhi, na Robert mwenyewe akawa pea.

Artois lilikuwa suala jingine. Warithi wa Mahaut walikuwa binti yake Jeanne, ambaye sasa alikuwa malkia mjane, na baada yake mjukuu wake Jeanne, mke wa Eudes wa Nne, Duki wa Burgundy. Na malkia mpya, mke wa Philippe wa Sita, ambaye naye, bila shaka umeshabahatisha, aliitwa Jeanne, alikuwa dada yake huyo Duki Eudes. Mfalme akimpa Robert jimbo, anamnyang'anya shemeji mmoja ili ampe shemeji mwingine, na dada wa yule wa kwanza analala naye chumba kimoja. Angeweza kufanya hivyo kwa sharti moja tu, la ushahidi usiokanushika.

8. Ndipo hati zikaonekana?

Ndipo zilipoonekana. Zilidai kwamba babu, wakati mwanawe Philippe anaoa, alimkabidhi yeye na kizazi chake jimbo la Artois. Kama ni kweli, mila haikuwa na nafasi tena, kwa kuwa jimbo lilikuwa limeshagawiwa kabla ya kifo.

Hadithi iliyotolewa ni kwamba barua hizo zilifichwa na Thierry d'Hireçon, mshauri wa Mahaut kwa miaka mingi aliyekuja kuwa askofu wa Arras, na kwamba alipofariki mwaka 1328 zilibaki mikononi mwa mwanamke aliyekuwa karibu naye, Jeanne de Divion.

9. Hati kama hizo zinaghushiwaje?

Barua rasmi ya wakati ule iliandikwa kwenye ngozi laini. Chini, ngozi ilikunjwa na kutobolewa, ukapitishwa ukanda mwembamba wa ngozi au nyuzi za hariri, kisha donge la nta likabanwa juu ya ukanda huo na kupigwa muhuri. Saini haikuwa na uzito wowote. Uzito wote ulining'inia pale chini, kwenye ile nta iliyokuwa na sura ya mpanda farasi, ngao na jina la mwenyewe.

Basi maneno si kazi. Mwandishi yeyote aliyezoea barua za kale angeweza kuyatunga. Kazi ni muhuri. Na huwezi kuuchonga upya kirahisi, kwa sababu mihuri ya kweli ya marehemu ilikuwa bado imetapakaa kwenye hati za watu Artois nzima, na yeyote angelinganisha. Waliofanya kazi hii walichukua njia ya mkato: walitafuta hati za kweli za zamani, wakabandua mihuri yake kwa uangalifu, wakaihamishia kwenye barua mpya. Nta iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa tena si sawa na nta iliyobanwa mara moja, na jicho la karani wa mfalme limezoea mihuri kama jicho la sonara lilivyozoea dhahabu.

Hata hivyo kilichowamaliza zaidi ni midomo. Kazi ya namna hii inahitaji mwandishi, wasaidizi, watu wa kutafuta hati, na kila mmoja wao alipohojiwa alikuwa na la kusema.

10. Jeanne de Divion alipatwa na nini?

Alikiri. Mwaka 1331 hati zilitangazwa kuwa za uongo, na tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo akachomwa moto hadharani Paris. Kati ya wote waliohusika, aliyelipa kwa roho yake haraka kuliko wengine ni mwanamke asiyekuwa na mume mkubwa, jeshi wala mpaka wa kukimbilia. Watu humtaja kwa mstari mmoja kisha wakaendelea na makabaila. Nami pia nina mengi ya kusema kuhusu makabaila, lakini nilitaka asimame kidogo hapa.

11. Robert alijua kwamba hati ni za uongo?

Mashahidi walisema alijua, tena kwamba shinikizo lilitoka kwake na kwa mkewe. Wapo wanaomtetea kuwa alidanganywa. Mimi nakubaliana na mashahidi, ila nadhani aliamini kwa moyo wote kwamba barua ya kweli iliwahi kuwepo na kwamba watu wa shangazi yake waliiharibu. Mtu mwenye imani hiyo haoni kuwa anaghushi. Anaona anarudisha kilichoibiwa.

12. Ni kweli alimwekea shangazi yake sumu?

Mahaut alifariki Novemba 1329, kesi ikiwa imepamba moto, na binti yake Jeanne, malkia mjane, akafuata Januari 1330. Vifo viwili ndani ya miezi miwili, vya wanawake wawili waliosimama kati ya mtu na jimbo lake: uvumi ulikuwa lazima. Ushahidi haukupatikana. Tena angalia matokeo: baada ya wote wawili kuondoka, Artois ilikwenda kwa yule mjukuu, mke wa Duki Eudes, mtu mwenye nguvu mara kumi. Kama Robert aliua, aliua kwa hasara.

13. Na yale mambo ya uchawi?

Alishtakiwa hayo pia, akiwa tayari ameshakimbia. Mtawa mmoja alitoa ushuhuda kuwa Robert alimwonyesha sanamu ya nta iliyotengenezwa ili kumdhuru mwana wa mfalme. Tuhuma za sanamu za nta zilikuwa za kawaida katika kesi za kisiasa za zama hizo, na nadhani tuzichukue hivyo.

## Uasi

14. Alipofukuzwa alikwenda wapi?

Aliitwa mbele ya mapea mara kadhaa, hakutokea. Aprili 1332 akahukumiwa akiwa hayupo: kufukuzwa katika ufalme na kunyang'anywa mali zote. Kwa muda alijificha Brabant na kwa ndugu zake wa Namur, ambako dada yake alikuwa ameolewa. Lakini kila aliyempokea alianza kupata barua za vitisho kutoka Paris, na wenyeji wakachoka mmoja baada ya mwingine. Hatimaye akavuka bahari hadi Uingereza, inasemekana akiwa amevaa kama mfanyabiashara. Edward wa Tatu akampokea, na baadaye akampa pensheni na makasri ya kukaa, la Guildford likiwamo.

15. Ni kweli yeye ndiye aliyeanzisha Vita vya Miaka Mia Moja?

Jibu fupi ni kwamba alikuwa kisingizio, si chanzo.

Edward alikuwa mfalme kwake Uingereza, lakini kwa ardhi zake za Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa, alikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1329 alikwenda Amiens na kula kiapo cha utii. Mtu aliye chini ya mwenzake haruhusiwi kumhifadhi adui wa mkubwa wake. Desemba 1336 Philippe alidai Robert akabidhiwe. Edward hakumtoa, na tarehe 24 Mei 1337 Philippe akatangaza kuitwaa Gascony, akitaja kuhifadhiwa kwa Robert miongoni mwa makosa. Kwa karatasi, basi, vita vilianza kwa jina la Robert.

Lakini ugomvi wa Gascony ulikuwa umeshawahi kuzaa vita mwaka 1294 na tena mwaka 1324. Ongeza msaada wa Ufaransa kwa Waskoti waliokuwa wakipigana na Edward, na sufu ya Uingereza ambayo viwanda vya Flanders haviwezi kuishi bila yake. Robert asingekuwepo, kingetafutwa kisingizio kingine, na kingepatikana kabla ya mavuno.

16. Na hadithi ya korongo?

Inasimuliwa katika shairi la Kifaransa la karne ya 14: Robert anawinda London, kozi wake anamkamata korongo, anamchoma na kumpeleka mezani kwa Edward akisema amemletea ndege mwoga kuliko wote ampe mfalme mwoga kuliko wote, maana ameacha urithi wake wa Ufaransa uchukuliwe. Edward anaona haya, anaapa juu ya korongo kwamba ataingia vitani, na wote mezani wanaapa baada yake.

Ni tamu, na haikutokea. Shairi linasema ilikuwa Septemba 1338, London. Edward alikuwa ameshavuka bahari Julai mwaka huo na alikuwa Brabant. Kilicho cha kweli ndani yake ni picha ambayo watu walikuwa nayo kuhusu Robert: mgeni anayetia fitina kwenye sikio la mwenyeji.

17. Alikuwa jemadari mzuri?

Shujaa, ndiyo. Jemadari, sina hakika. Julai 1340 alipewa jeshi la Waflanders na wapiga upinde wa Kiingereza aende kuichukua Saint-Omer, mji wa Artois yenyewe. Ndani ya mji alikuwemo nani? Duki Eudes wa Burgundy, mtu aliyekuwa akila matunda ya jimbo lile. Tarehe 26 Julai wakakutana nje ya kuta. Robert alilivunja kundi la Eudes akalifukuza hadi karibu na lango. Huku nyuma, upande wa pili wa uwanja, wapanda farasi wa Ufaransa waliwasambaratisha Waflanders wake na kupora kambi yake. Giza likaingia. Makundi mawili ya washindi, kila moja likirudi lilikotoka, yakapishana njiani. Robert alipofika kambini alikuta maiti na mahema yaliyoporwa. Akaondoka kwenda kwa Edward, na Artois hakuiona karibu hivyo tena.

18. Kabaila kumwasi mfalme ilikuwa haramu kabisa?

Si kabisa. Kiapo cha utii kilifunga pande mbili, na kabaila aliyeamini kuwa mkubwa wake amemdhulumu aliweza kutangaza wazi kuwa amejitoa. Shida ya Robert ni kwamba hakutoka kama mdai aliyedhulumiwa. Alitoka kama mghushi aliyekwepa mahakama.

Edward ndiye aliyempatia dawa, ingawa aliitengeneza kwa ajili ya Waflanders zaidi. Januari 1340, mjini Ghent, alijitangaza kuwa mfalme halali wa Ufaransa. Ukikubali dai hilo, Philippe wa Valois ndiye mwasi na Robert ni raia mtiifu. Wengine waliipita njia hiyohiyo baadaye: Godefroy d'Harcourt, kabaila wa Normandy aliyegombana na Philippe, ndiye aliyefuatana na Edward kuiongoza safari ya 1346 iliyozaa vita vya Crécy, ambako Wafaransa walishindwa vibaya.

## Mwisho wake

19. Mkewe na watoto wake waliishia wapi?

Walitiwa kifungoni kwa amri ya Philippe, kaka wa mke huyohuyo. Baada ya Philippe kufa mwaka 1350, mfalme mpya Jean wa Pili aliwarudishia watoto heshima yao. Jean wa Artois, mwana wa Robert, alipewa jimbo la Eu, na mwaka 1356 alitekwa na Waingereza kule Poitiers akiwa upande wa Ufaransa. Ukoo wake uliishikilia Eu hadi mwaka 1472.

20. Alikufaje?

Mwaka 1342 alikwenda Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, na jeshi la Kiingereza, akajeruhiwa katika mapigano ya mji wa Vannes, na jeraha likamuua. Akazikwa London.

21. Alikuwa na shughuli gani Bretagne?

Hili huulizwa mara chache, na ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mama yake Robert, Blanche, alikuwa binti wa Duki wa Bretagne. Duki Jean wa Tatu, binamu yake, alifariki mwaka 1341 bila mtoto. Wadai walikuwa wawili. Mmoja ni Jean wa Montfort, mdogo wa marehemu kwa baba. Mwingine ni Jeanne wa Penthièvre, binti wa Guy, ndugu mwingine wa marehemu aliyekuwa mkubwa kuliko Montfort lakini ameshatangulia kufa. Jeanne alisema anasimama mahali pa baba yake. Montfort alisema marehemu ni marehemu, mwenye haki ni aliye hai na aliye karibu.

Philippe wa Sita na baraza lake waliamua Septemba 1341, kule Conflans, kwamba mtoto anaweza kusimama mahali pa mzazi aliyekufa. Mume wa Jeanne, Charles wa Blois, alikuwa mpwa wake mfalme. Wanasheria watakuambia hakuna mgongano na hukumu za Artois, kwa sababu mila ya Bretagne si mila ya Artois, na watakuwa sahihi.

Montfort alikimbilia msaada wa Uingereza, kwa hiyo Robert alikuwa upande wa Montfort. Hoja iliyomnyima Artois mwaka 1309 na 1318 ndiyo aliyoipigania pale Vannes, dhidi ya mtoto wa mtu aliyekufa kabla ya kurithi.